Nilipasuliwa kupunguza uzito ili nisife kwa moyo kama mama yangu. Karibuni tuzungumze

MamaPacha (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nimeuahirisha miezi mingi, lakini kila mtu akiuliza humu habari za upasuaji wa kupunguza uzito, majibu huwa ni ya kilo tu: fulani kapungua kilo arobaini, fulani nguo zote zinampwaya. Mimi sikupasuliwa kwa ajili ya nguo. Mama yangu alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka 58, na nilipofikisha 43 karatasi yangu ya vipimo ilifanana na ya kwake mstari kwa mstari.

Nianze na hiyo karatasi, bado ninayo. Kiuno sentimita 112. Presha 148 kwa 94, na hapo nilikuwa nameza vidonge viwili vya presha kila siku. Sukari ya asubuhi kabla ya kula 7.4. Trigliseridi, aina ya mafuta ya damu, 2.9. Kolesteroli nzuri, ile ya HDL, 0.9. Daktari alichukua kalamu nyekundu akaweka alama ya vema mara tano, moja pembeni ya kila namba, akaniambia: "Zikifika tatu tunaiita sindromu ya metaboli. Wewe unazo zote tano."

Kwa asiyevijua vigezo vyenyewe: kiuno kinachozidi sentimita 102 kwa mwanaume au 88 kwa mwanamke (vipo vigezo vingine vinavyoshuka hadi 94 na 80), trigliseridi kuanzia 1.7, HDL chini ya 1.0 kwa mwanaume au 1.3 kwa mwanamke, presha kuanzia 130 kwa 85, na sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6. Halafu kuna jambo wengi hatuambiwi: ukiwa kwenye dawa ya presha, alama ya presha inabaki kuhesabiwa hata kama mashine inasoma vizuri.

Mtu aliyeyafunga mambo haya pamoja ni daktari wa Marekani, Gerald Reaven, mwaka 1988. Alisema presha, sukari na mafuta mabaya ya damu havimwangukii mtu mmoja kwa bahati mbaya. Chanzo chao ni kimoja: mwili kuwa mgumu kuitikia insulini, homoni ya kushusha sukari. Kongosho linaona sukari haishuki, linamwaga insulini zaidi, na insulini hiyo nyingi pamoja na mafuta yanayozagaa kwenye damu ndivyo vinavyochakaza mishipa ya moyo pole pole. Unene haukuwemo hata kwenye orodha yake ya mwanzo. Niliposoma hilo nilikaa nalo siku nzima, maana maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa tatizo langu ni mdomo.

Sasa swali. Kama mafuta ndiyo adui, si wayanyonye tu yatoke? Walijaribu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wanawake 15 wenye unene waliotolewa mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo kwa mrija, karibu kilo kumi kila mmoja. Wakapimwa tena baada ya wiki 10 hadi 12. Presha palepale, sukari palepale, mafuta ya damu palepale, insulini palepale. Mizani ilikuwa imeshuka, kiuno kimepungua, na moyo haukupata chochote. Ukipunguza kilo kumi kwa kula kidogo, vipimo hivyo vyote vinasogea. Kwa hiyo suala ni yale mafuta yanayokaa ndani, yanayozunguka utumbo na kujaa kwenye ini, na namna mwili unavyokipokea chakula.

Hapo ndipo upasuaji huu unapotofautiana na kunyonya mafuta. Mimi nilifanyiwa ule wa kuunganisha njia mpya. Wanakata sehemu ya juu ya tumbo, inabaki kifuko kidogo cha kama mililita 30, halafu wanakiunganisha na utumbo mwembamba kwa chini, chakula kinaruka tumbo lililobaki na mwanzo wa utumbo. Aina nyingine inayofanywa sana ni ya kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya tumbo, likabaki kama mrija mwembamba. Zamani watu walidhani kazi yote ni udogo wa mfuko. Lakini chakula kikifika mapema kwenye utumbo wa chini, utumbo unatoa homoni kwa wingi, mojawapo inaitwa GLP-1, zinazoiamsha insulini na kuuambia ubongo umeshiba. Ile homoni ya njaa, ghrelini, nayo inashuka, hasa kwa waliokatwa tumbo likawa mrija, kwa sababu sehemu kubwa inayoitengeneza imeondolewa.

Matokeo yake niliyaona kwa macho yangu. Siku ya sita baada ya upasuaji sukari yangu ilikuwa 5.9 bila kidonge, na nilikuwa nimepungua kilo tatu tu. Siyo miujiza yangu peke yangu. Mpasuaji mmoja wa Marekani, Walter Pories, aliandika mwaka 1995 kuhusu wagonjwa wake wa kisukari ambao sukari ilitulia ndani ya siku chache, kabla uzito haujashuka kwa maana. Kichwa cha makala yake kilikuwa cha kuuliza nani angelifikiria jambo hilo.

Lakini mwili ukibadilika haraka namna hiyo, dawa za zamani zinageuka hatari. Siku ya tisa nilikuwa nyumbani. Karatasi niliyopewa wakati wa kuruhusiwa ilikuwa imenakiliwa dawa zangu zilezile, ikiwemo ya kukojoza. Nikameza kama kawaida. Nilikuwa nakunywa vijiko tu vya maji kwa sababu kifuko kilikuwa kimevimba. Asubuhi nikaingia bafuni, nikainama kupiga mswaki, nikainuka, macho yakaingia giza. Nilishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, maji ya bomba yanatiririka, nikamwita binti yangu lakini sauti haikutoka vizuri. Alinikuta nimekaa sakafuni. Alinipima hapohapo: 84 kwa 52. Mtu mwenye presha ya juu miaka tisa! Tulipopiga simu waliifuta dawa ya kukojoza siku hiyohiyo, na nyingine wakaipunguza nusu. Naliandika hili mapema ili yeyote anayejiandaa aulize kabla ya kutoka wodini: dawa ipi naacha, ipi napunguza, na nani atanipima wiki hii.

Na moyo je? Utafiti ulionishawishi ni wa Uswidi, unajulikana kama SOS. Ulianza mwaka 1987. Watu 2,010 walipasuliwa, 2,037 wanaofanana nao wakaendelea na matibabu ya kawaida. Ripoti ya 2012, baada ya kuwafuatilia miaka kama 15 kwa wastani: waliofariki kwa magonjwa ya moyo na mishipa ni 28 kwa waliopasuliwa na 49 kwa wenzao. Waliopata mshtuko wa moyo au kiharusi kwa mara ya kwanza, wakafa au wakapona, 199 kwa 234. Na kilichonigusa zaidi: walionufaika sana hawakuwa wale wazito kuliko wote. Uzito wa mwanzo haukutabiri lolote. Kilichotabiri ni insulini iliyokuwa juu mwanzoni. Yaani watu wa karatasi kama yangu.

Leo ni miaka minne. Namba za mwezi uliopita: kiuno 91, presha 124 kwa 78 nikiwa na kidonge kimoja kidogo, sukari 5.4 bila dawa, trigliseridi 1.2, HDL 1.35. Daktari yuleyule, kalamu ileile. Aliweka alama mbili: kiuno, na presha kwa sababu ya kile kidonge. Dawa ya kolesteroli naendelea nayo, na nitaeleza kwa nini mtu akiuliza.

Karibuni.

Fundi_Saa

Pole na hongera dada. Nauliza kwa nia njema kabisa, usinielewe vibaya. Mimi nina alama nne kati ya hizo tano. Kuna haja gani ya kukata kiungo kizima wakati mtu anaweza kufanya mazoezi na kupunguza kula? Mbona wapo waliofanikiwa?

Mpenda_Takwimu

Fundi_Saa, swali lako lilifanyiwa utafiti mkubwa Marekani, unaitwa Look AHEAD. Watu 5,145 wenye kisukari na uzito mkubwa. Nusu walipewa msaada wa nguvu: washauri, vikao, mpango wa chakula, dakika za mazoezi zinahesabiwa kila wiki. Ulisimamishwa mwaka 2012, baada ya karibu miaka kumi, kwa sababu mshtuko wa moyo na kiharusi vilikuwa sawa pande zote mbili. Mwishoni kundi la mazoezi lilikuwa limepungua asilimia 6 ya uzito, wenzao 3.5.

Usikate tamaa lakini. Watu hao walitumia dawa chache, walilala vizuri zaidi, walitembea vizuri zaidi. Na walipochambua baadaye, wale waliopungua asilimia 10 au zaidi mwaka wa kwanza walikuwa na hatari ya chini kwa asilimia 21. Kwa hiyo moyo unajali, ila unataka upungufu mkubwa na wa kudumu, na wachache sana wanaufikia na kukaa nao kwa nidhamu peke yake. Mwili unapigana kurudi ulikotoka: njaa inapanda, matumizi ya nguvu yanashuka. Aliyeshindwa si mvivu.

MamaPacha, nakushukuru kwa uzi, ila naomba nirekebishe uzito wa ushahidi. SOS haikuwa ya kupangwa kwa kura, yaani bahati nasibu ya kuamua nani apasuliwe na nani asipasuliwe. Walioamua kupasuliwa walijichagua wenyewe. Wakati ule wakuu wa maadili walikataa kura kwa sababu vifo vya upasuaji miaka ya 80 vilikuwa vingi. Kwa hiyo sehemu ya tofauti inaweza kuwa ya watu wenyewe na siyo ya kisu. Hivyohivyo utafiti wa 2019 wa hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani: watu 2,287 wenye kisukari waliopasuliwa, wakilinganishwa na 11,435 ambao hawakupasuliwa. Baada ya miaka minane, waliopata tukio mojawapo kati ya kifo, ugonjwa wa mishipa ya moyo, kiharusi, moyo kushindwa kazi, mapigo ya moyo kuvurugika au figo kuharibika walikuwa asilimia 30.8 kwa 47.7. Tofauti kubwa sana, lakini nao ulisoma mafaili ya wagonjwa, hakuna kura iliyopigwa.

Tafiti za kura zipo, ni ndogo, na zimepima vihatarishi badala ya mishtuko ya moyo. STAMPEDE ilikuwa na watu 150 wenye kisukari: baada ya miaka mitano, waliofikisha kipimo cha sukari cha miezi mitatu cha asilimia 6 au chini ni 29 katika mia kwa njia mpya, 23 kwa tumbo la mrija, 5 kwa dawa peke yake. GATEWAY ya Brazil ilikuwa na watu 100 wenye presha: mwaka mmoja baadaye, asilimia 84 ya waliopasuliwa walikuwa wamepunguza dawa za presha kwa angalau theluthi hivi bila presha kupanda, na kwa wenzao ni kama 13.

MamaPacha (mleta uzi)

Nakubali, Mpenda_Takwimu, na asante. Ningelisema hilo mwenyewe. Niliambiwa kabla ya upasuaji kuwa ushahidi wa moyo unatoka kwa watu waliojichagua, na bado nikaamua. Mama alikuwa na kila dawa na alizimeza kwa saa. Nilitaka kitu kinachogusa zote tano kwa mpigo.

Fundi_Saa, kaka yangu, anza na mazoezi leo hata kama kesho utapasuliwa. Mimi mwenyewe natembea kila asubuhi, kiuno kilikuwa kimegoma kwenye 97 hadi nilipoanza kutembea.

Nesi_wa_Zamu

Nafanya kazi wodi ya upasuaji. Kisa cha bafuni kimeniuma, kwa sababu kinazuilika. Niongeze yanayotokea mara nyingi.

Mwenye kisukari anayechoma insulini, au anayemeza dawa zinazolilazimisha kongosho kutoa insulini, lazima dozi ishushwe siku ileile ya upasuaji, la sivyo sukari inaanguka. Zipo dawa za kisukari zinazotoa sukari mwilini kupitia mkojo. Hizo zinaachwa siku kadhaa kabla, maana mtu akifunga kula huku anazitumia damu inaweza kujaa asidi hata kama sukari inaonekana nzuri. Dawa za kukojoza ndizo za kwanza kuangaliwa. Vidonge vinavyoyeyuka pole pole vinaweza visifyonzwe sawasawa baada ya njia kufupishwa, omba vya kawaida. Mwenye dawa ya kuzuia damu kuganda ya aina ya wafarini apimwe damu mara kwa mara, dozi hubadilika. Na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, waliofanyiwa njia mpya wakae mbali nazo kabisa, zinatoboa vidonda pale palipounganishwa.

Kitu kingine ni kutapika. Mtu anatapika wiki mbili mfululizo anaambiwa "utazoea". Asizoee. Vitamini B1 inaisha mwilini haraka. Ukiona anayumba akitembea, anaona viwili viwili, au maneno yake hayaeleweki, ni dharura ya siku hiyohiyo, na B1 achomwe kabla ya dripu ya sukari. Chuma, B12, kalsiamu na vitamini D ni za maisha. Nimeona mama aliyeacha vidonge vyake miaka mitatu, akaja anahema, moyo unakimbia, akidhani ni moyo. Ilikuwa damu imepungua mno.

Na hili tuliseme bila kuficha. Utafiti wa 2007 wa jimbo la Utah, Marekani, ulionyesha vifo vya mishipa ya moyo vilipungua kwa asilimia 56 kwa waliopasuliwa, na vya kisukari kwa 92. Lakini vifo visivyo vya ugonjwa, zikiwemo ajali na kujiua, vilikuwa juu kwa asilimia 58. Pombe nayo huingia kwenye damu haraka zaidi baada ya njia mpya. Muulizeni mgonjwa wenu analalaje, anajisikiaje, msimuulize kilo tu.

Bintiye_Mzee

Asante dada nesi. Baba yangu ana miaka 61. Alishawekewa kibomba cha kufungua mshipa wa moyo miezi minne iliyopita. BMI yake (kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu) 36, kisukari, presha, anakoroma hadi pumzi zinakatika usiku. Tumeambiwa habari za upasuaji huu. Nimeogopa. Mtu ambaye moyo tayari ni mgonjwa anaruhusiwa kweli?

Nesi_wa_Zamu

Bintiye, kuwa na ugonjwa wa moyo hakumfungii mlango. Kwa uzito kigezo anakitimiza. Miongozo ya kimataifa ya 2022 inashauri upasuaji kuanzia BMI 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kufikiriwa kuanzia 30 kwa mwenye ugonjwa wa metaboli. Miongozo ya 1991 ilikuwa 40, au 35 ukiwa na ugonjwa mkubwa.

Kinachonishtua ni hiyo miezi minne. Baada ya kuwekewa kibomba mgonjwa anatumia dawa mbili za kuzuia damu kuganda, na kuzikatisha mapema kunaweza kuziba kibomba. Upasuaji usio wa dharura unasubiri hadi daktari wa moyo aseme sasa. Msiondoe dawa hizo kwa uamuzi wenu, hata siku moja.

Wakati mnasubiri, apimwe pumzi za usingizini na apewe mashine akihitaji. Kama anavuta sigara aache. Kuhusu hatari yenyewe: uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2009, watu 4,776, ulikuta vifo ndani ya siku 30 ni 0.3 kwa mia. Ni ndogo, ila kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo, damu iliyowahi kuganda mguuni, au pumzi zinazokatika, inapanda. Ndiyo maana nasisitiza maandalizi.

Mtafuta_Jibu

Sindano za siku hizi je? Si zinafanya kazi hiyohiyo bila kisu?

Mpenda_Takwimu

Kwa sehemu, ndiyo. Zinaiga ile GLP-1 aliyoitaja mleta uzi. Na hapa kura ilipigwa: utafiti wa SELECT, 2023, watu 17,604 wenye unene na ugonjwa wa moyo lakini bila kisukari. Semaglutidi, mojawapo ya sindano hizo, ilipunguza vifo vya moyo, mishtuko na viharusi kwa pamoja kwa asilimia 20. Walipungua uzito karibu asilimia 9.

Tatizo ni ukiacha. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutidi walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza, na presha, sukari na mafuta vikaanza kurudi navyo. Kwa hiyo anayechagua sindano ahesabu miaka, asihesabu miezi. Binafsi sioni kama ni vita kati ya sindano na kisu. Baba wa Bintiye, kwa mfano, anaweza kuulizia sindano huku akisubiri kibomba chake kitulie.

Kimya_Kimya

Nimesoma humu miaka bila kuandika. Leo naandika. Mimi nilipasuliwa miaka saba iliyopita, tumbo la mrija. Nilipungua kilo 38. Nimerudisha 14. Sukari ilikuwa imepotea kabisa, mwaka jana imerudi. Niliacha kwenda kliniki kwa sababu sikutaka kupandishwa kwenye mizani mbele ya watu walionipongeza. Nahisi nimeharibu kila kitu.

MamaPacha (mleta uzi)

Kimya_Kimya, karibu sana, na nashukuru umeandika. Hujaharibu kila kitu.

Angalia walewale wa Uswidi. Miaka miwili baada ya upasuaji walikuwa wamepungua asilimia 23 ya uzito. Miaka ishirini baadaye, 18. Maana yake wengi walirudisha kiasi. Na sukari: kati ya waliokuwa na kisukari, 72 katika mia walikuwa huru baada ya miaka miwili, baada ya miaka kumi na tano, 30. Hata hivyo madhara ya kisukari kwenye macho, figo na neva yalikuwa machache kwao kuliko kwa wenzao. Ile miaka uliyokaa na sukari nzuri mishipa yako iliipokea, haikurudishwa ulipoongezeka kilo. Na kilo 24 bado umezitua.

Ila kliniki urudi. Sukari iliyorudi ikikaa miaka bila dawa ndiyo inayoua moyo. Waambie unataka kupimwa kiuno, presha, sukari na mafuta, na mizani uigeuzie mgongo ukitaka, nesi asome aandike akae kimya. Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima wa pili na hakuna aliyenikatalia.

Nesi_wa_Zamu

Hakuna atakayekukatalia. Na uwaambie kama unapata kiungulia. Tumbo la mrija kwa baadhi ya watu linaleta asidi kupanda, na wengine huishia kula vilaini na vitamu tu kwa sababu ndivyo vinavyopita bila kuuma. Uzito unaongezeka kutokea hapo. Kinatibika.

Fundi_Saa

MamaPacha uliahidi kueleza kwa nini bado unameza dawa ya kolesteroli. Kama namba zote zimekuwa nzuri, kuna haja gani?

MamaPacha (mleta uzi)

Niliuliza hivyohivyo. Daktari alinieleza mambo mawili. Kwanza, kolesteroli mbaya, LDL, haimo hata kwenye zile alama tano. Ni hatari inayojitegemea. Upasuaji wa njia mpya huishusha, wa mrija huishusha kwa kiasi kidogo kuliko huo au usiishushe kabisa, na yangu ilishuka lakini haikufika pale anapopataka kwa mtu mwenye historia ya mama yangu.

Pili, mishipa. Nilikaa miaka tisa na presha na angalau mitano na sukari kabla ya kukatwa. Utando ulioanza kujengeka kwenye kuta za mishipa kipindi hicho haukukatwa pamoja na tumbo. Mwaka 2020 wale wa SOS walitoa hesabu ya maisha: waliopasuliwa waliishi miaka mitatu zaidi ya wenzao wanene ambao hawakupasuliwa, lakini bado miaka mitano na nusu pungufu ya watu wa kawaida wa nchi ile. Daktari aliniandikia namba hizo mbili nyuma ya karatasi, 3 na 5.5, akaniuliza kama bado nataka kuacha kidonge. Kimoja, usiku, kabla ya kulala. Nakimeza.

Na moyo wenyewe nilipimwa kwa picha ya mawimbi ya sauti kabla na miaka miwili baadaye. Ukuta wa upande wa kushoto uliokuwa umenenepa kwa kusukuma presha umepungua unene. Mpimaji aliweka picha mbili kwenye skrini pamoja, akanionyesha kwa kidole. Nililia pale kitandani na jeli bado iko kifuani.

Bintiye_Mzee

Nimemsomea baba uzi wote kwa sauti, hadi sehemu ya bafuni. Alinyamaza kidogo, halafu akasema twende kwa daktari wa moyo tumuulize tarehe. Miadi ni Jumanne. Tubebe nini?

Nesi_wa_Zamu

Dawa zake zote kwenye mfuko, zikiwa na maboksi yake, hata zile alizoacha. Kadi ya kibomba yenye tarehe kilipowekwa. Presha za wiki nzima, asubuhi na jioni, akiwa amekaa dakika tano kwanza. Na uulize moja kwa moja: dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda inaisha lini? Waandike tarehe hiyo kwenye kadi yake kabla hamjainuka.

Bintiye_Mzee

Nimeandika. Nitarudi Jumanne jioni.